Mwalimu, tutafikaje mji wa zafarani?

Mwezi uliopita nilitaja kwa aya mbili tu safari yangu ya Safranbolu, mji mdogo wa enzi ya Dola la Osmani ulio kaskazini mwa Uturuki, bondeni, nyuma ya milima ya Bahari Nyeusi. Nilidhani nimepita njia tu. Kumbe nimewachokoza. Tangu hapo barua na jumbe hazijakoma kufika hapa nyumbani kwangu South B, na mhariri amekubali ukurasa wote wa leo uwe wa mji huo mmoja. Nimechagua zile zilizouliza jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona au nililifundisha nilipokuwa darasani. Zilizobaki zimejibika humo humo.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, ninaishi Embakasi, na nimeweka akiba miaka mitatu ili nione Uturuki. Wenzangu wote huishia Istanbul, wananunua nguo za kuuza na kurudi. Wewe ulipanda basi ukaingia ndani kabisa. Je, mwanamke aliye peke yake ataweza? Na hilo basi likoje, maana la usiku la Mombasa hunitoa roho.*

Marahaba, mwanangu. Na nianze na neno hilo hilo, kwa sababu utalisikia kuanzia uwanja wa ndege. Mturuki akikutana nawe anasema "merhaba", mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa, muuza duka kwa mteja. Usingoje akupe shikamoo kwanza. Mjibu vivyo hivyo, "merhaba", na mmekwisha kuamkiana.

Kabla ya yote, nenda ubalozi wa Uturuki hapa Nairobi uulize masharti ya viza kwa pasipoti yako siku hiyo, si yale jirani yako aliyopewa mwaka juzi. Tiketi inunuliwe baada ya hapo. Ndege ya moja kwa moja hadi Istanbul ipo JKIA. Ukishuka usiguse saa yako ya mkononi. Tangu mwaka 2016 Uturuki wameacha kusogeza saa mbele na nyuma, na saa yao ni yetu, dakika kwa dakika. Hata neno "dakika" wanalitamka hivyo hivyo.

Stesheni kubwa ya mabasi ya Istanbul iko mtaa wa Esenler, na treni ya mjini, njia ya M1, inakushusha hapo hapo kwenye kituo kinachoitwa Otogar. Ukitoka tu utajiona uko Machakos Airport, ile stesheni yetu ya mabasi hapa Nairobi. Mabasi yamejipanga, vibanda vya tiketi havihesabiki, na vijana wanaita majina ya miji kwa sauti za kupiga debe. Tofauti ni kwamba hakuna atakayekunyang'anya begi akalitie kwenye basi lake. Sema "Safranbolu" mara moja, utaelekezwa kibanda. Watakuuliza jina na kama wewe ni mwanamke au mwanamume, nalo swali hilo lisikuudhi. Wanataka kukupangia kiti, kwa kuwa desturi yao ni kutomkalisha mwanamke aliye peke yake kando ya mwanamume asiyemjua. Mimi niliketi na bibi mmoja aliyebeba ndoo ya zeituni mapajani njia nzima. Hatukuwa na lugha, lakini alinilisha.

Safari ni kama kilomita 400, saa sita mpaka saba. Basi linakwenda mashariki kwa barabara kuu ya Ankara, linapanda milima ya Bolu yenye misonobari, kisha Gerede linaiacha barabara kuu na kugeuka kaskazini kuteremka Karabük. Ukiwa Ankara ni karibu zaidi, kama kilomita 230, saa tatu hivi, na stesheni yao inaitwa AŞTİ. Makanga wao huitwa muavin. Wangu alivaa shati jeupe na tai, akipitisha kigari cha chai, maji na keki. Tena alipita na chupa, akammiminia kila abiria marashi ya limau viganjani. Wenyewe huita kolonya. Nilipoona watu wote wamekinga mikono nilikumbuka mrashi unavyopitishwa kwenye maulidi kwetu Lamu, nami nikakinga, nikajipaka usoni, na usingizi wa ndege ukanitoka.

Jambo moja tu liangalie. Tiketi yangu iliandikwa Safranbolu, lakini basi lilifika Karabük likazima injini, na dereva akaonyesha mlango. Kampuni sitaitaja. Nilisimama na mizigo yangu jua linazama, nimeudhika sana, maana nilikuwa nimelipia safari yote. Muuza magazeti akanionyesha kwa kidole dolmuş, ambayo ni matatu yao, na baada ya muda mfupi, kilomita kama nane hivi, nikawa nimefika. Kwa hiyo uliza hivi kibandani: "Basi linafika Safranbolu yenyewe, au linaishia Karabük?" Na hata likifika Safranbolu, litakushusha Kıranköy, sehemu mpya iliyo juu. Mji wa kale uko chini bondeni. Huitwa Çarşı, yaani sokoni, na wenyeji huliita bonde hilo Çukur, maana yake shimo. Dolmuş nyingine ndogo itakuteremsha, ama ushuke kwa miguu ikiwa begi lako ni jepesi.

Kwa mwanamke peke yake, mimi nilikuwa peke yangu na umri wangu huu, nikatembea mpaka baada ya swala ya isha, na hakuna aliyenisumbua. Utaangaliwa, hilo ni kweli. Wengi hawajamwona mgeni mweusi katika vichochoro vile, na watoto watataka picha. Wengine watauliza "Nerelisin?", yaani wa wapi wewe. Jibu "Kenya", uone nyuso zitakavyofunguka.

*Mwalimu, mke wangu na mimi tutakuwa Ankara kwa mkutano. Tuna Jumamosi moja tu. Twende asubuhi turudi jioni?*

Msiende.

Nasema hivyo kwa nia njema. Saa tatu kwenda na tatu kurudi, na katikati mtaingia vichochoroni pamoja na mabasi yote ya watalii wa siku moja, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yao. Mtaona maduka ya peremende na migongo ya watu. Mji ule hujitoa kwako saa kumi na mbili jioni, mabasi yakiondoka, moshi wa kuni ukianza kupanda, na fundi wa bati akiwa bado anagonga peke yake. Ombeni ruhusa mbaki mpaka Jumatatu. Usiku mmoja si haba, usiku mbili ndio nilioutamani mimi.

*Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, nimezaliwa Majengo, Pumwani. Nyumba za Waswahili alizojenga babu yangu na wenzake zinabomolewa moja moja kupisha maghorofa. Uliandika kwamba Safranbolu kuna nyumba za kale zaidi ya elfu. Zimejengwaje, na nani alizilinda zisibomolewe?*

Barua hii niliisoma mara tatu, kijana wangu, na nitakujibu kwa urefu.

Nyumba ya Safranbolu hukaa juu ya miguu ya mawe. Ghorofa ya chini ni kuta nene za mawe, madirisha machache, lango kubwa la mbao linalotosha punda na mzigo wake. Humo palikuwa na wanyama, kuni na ghala. Ukipanda ngazi, mawe yanakwisha, unaanza mfumo wa mbao, nguzo na mihimili na mataruma ya kukingama, na katikati yake wamejaza matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, kisha wakapiga lipu na chokaa. Kwa ufupi ni nyumba ya miti na udongo, kama ya babu yako. Mimi nilipoambiwa hivyo niliweka mkono ukutani nikashindwa kuamini, kwa sababu nilikuwa nimelelewa nikiambiwa nyumba ya udongo haidumu. Baadhi ya nyumba zile zina miaka mia mbili na zaidi.

Kinachozidumisha ni paa. Vigae vyekundu, na upenu wa paa umetokeza mbali nje ya ukuta, ili mvua isiuguse. Udongo usipolowa hauna ugomvi na mtu.

Ghorofa ya kati ina dari ya chini, kwa majira ya baridi, ipate joto upesi. Ya juu kabisa ina dari ndefu na madirisha mengi membamba yaliyosimama wima, na vyumba vyake vinachomoza juu ya uchochoro. Mtu wa Lamu akivitazama atasema hizi ni wikio, vile vyumba vya kwetu vinavyovuka juu ya njia, zilizoishia njiani kabla hazijafika nyumba ya pili. Katikati ya kila ghorofa kuna ukumbi ambao vyumba vyote vinaufungukia, nao wanauita "sofa". Sisi neno hilo limetufikia likiwa kiti. Kila chumba ni kama nyumba kamili ya mke na mume na watoto wao. Ukutani kuna kabati refu la mbao. Mlango mmoja wa kabati una magodoro yaliyokunjwa mchana, na mlango wa pili ukiufungua unakuta bafu, pahali pa mtu kusimama na kujimwagia maji, ndani ya kabati! Kuzunguka chumba kuna benchi pana la kuketi, lililo chini ya madirisha. Vyombo vya ziada havipo.

Mahali pa wageni wa kiume na mahali pa wanawake wa nyumbani palitengwa, na chakula kilipita kwa kabati la duara lililopachikwa ukutani. Mama anaweka sinia upande wake, anazungusha, mgeni anapokea upande wa pili, na hakuna aliyeonana na mwenziwe. Katika jumba la makumbusho liitwalo Kaymakamlar Evi utaona mambo haya yote, na ndipo ningekutuma uanzie ukiwa na daftari lako la michoro. Kuna jumba jingine ambalo ndani yake, sebuleni kabisa, kuna bwawa la maji. Lilipoza hewa wakati wa kiangazi, na moto ukizuka maji yako karibu.

Tena familia yenye uwezo ilikuwa na nyumba mbili. Ya baridi ilikuwa kule shimoni, iliyokingwa na upepo, karibu na soko. Ya joto ilikuwa Bağlar, juu, kwenye mizabibu na miti ya matunda. Msimu ukigeuka wanahama na kuku wao. Sisi wa Nairobi tunalielewa hilo vizuri, maana kila mtu hapa ana nyumba anapolipa kodi na ana nyumbani anapokwenda Desemba.

Sasa, nani alizilinda? Ili ujibiwe lazima ujue nani aliupa mji utajiri na nini kiliuondoa. Tangu karne ya 13 Safranbolu ilikuwa kituo cha misafara kati ya mashariki na magharibi. Msikiti wa kale, hamamu ya kale na madrasa ya Süleyman Paşa vilijengwa mwaka 1322. Karne ya 17 ndiyo iliyokuwa neema yenyewe. Mji ulikuwa na watengenezaji ngozi mtoni, washona viatu, wahunzi, watengeneza matandiko ya farasi, kila kazi na uchochoro wake. Kisha ikaja reli, na misafara ikakatika. Na mwaka 1937, katika bonde la jirani palipokuwa na nyumba chache tu, serikali ikaweka jiwe la msingi la kiwanda cha chuma. Ndiyo Karabük. Mwaka 1939 kilikuwa kinafanya kazi, na vijana wa Safranbolu wakashuka kwenda kuchukua mishahara.

Nilipokuwa kwenye ile dolmuş nikitazama mabomba ya kiwanda nilifikiri juu ya jiji letu. Reli ilifika hapa mwaka 1899, pakiwa na maji ya baridi na malisho ya Wamaasai, ikazaa Nairobi. Kule reli na chuma vilizaa Karabük na kumnyima mama yake maziwa. Lakini kwa kuwa pesa mpya ilijenga mahali pengine, hakuna aliyehitaji kubomoa nyumba za zamani ili apate kiwanja. Zilibaki zimesimama, zikivuja, na wazee ndani yake.

Bahati peke yake isingetosha, na hapa ndipo nataka unisikilize. Katikati ya miaka ya 1970 watu wa baraza la mji walishirikiana na chuo kikuu cha ufundi cha Istanbul, wakapima nyumba, wakazichora, wakaziandika, na mji ukapata ulinzi wa sheria. Mwenye nyumba akitaka kubadili dirisha, anaomba kibali. Mwaka 1994 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Angalia mpangilio huo. Wenyeji walitangulia kuandika nyumba zao, na dunia ikaja karibu miaka ishirini baadaye. Wewe una macho ya usanifu na una wazee wa Pumwani ambao bado wapo. Chukua futi na penseli Jumamosi hii, upime nyumba ya babu yako kabla haijaguswa, uchore mlango, ukumbi wa katikati, uani, kila kitu. Uniletee nakala. Nasema kwa dhati, niletee.

*Je, ni kweli kuna hoteli iliyojengwa na mganga wa majini?*

Ni kweli, na jina lake linasema hivyo hivyo. Cinci Hanı. Neno "cin" ni jini letu. Mwenyewe alizaliwa Safranbolu, jina lake Hüseyin Efendi, akaenda Istanbul, akasifika kwa kisomo. Sultani İbrahim, aliyetawala tangu 1640 hadi 1648, alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya wahka, na huyu akaitwa kumsomea. Sultani akaona nafuu. Basi mtu wetu akapandishwa mpaka akawa miongoni mwa makadhi wakuu wa dola, akatajirika kupita kiasi, na sehemu ya utajiri akaupeleka kwao, akajenga nyumba ya wasafiri ya mawe yenye ua katikati, na hamamu. Sultani alipopinduliwa mwaka 1648, naye akauawa mwaka huo huo. Jengo limebaki. Misafara ililala humo, wanyama chini na wafanyabiashara juu, na leo ni hoteli. Hamamu yake inatumika mpaka sasa, na ina upande wa wanaume na upande wa wanawake. Nenda ukasuguliwe mgongo, utalala kama mtoto.

Na hilo "efendi" la jina lake, kwa taarifa yako, ndilo babu wa "afande" tunayemwita polisi wetu barabarani.

*Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi hupika biriani za arusi hapa Eastleigh. Zafarani ya madukani inanivunja moyo, rangi tu, harufu hakuna. Kule mjini kwao nitapata ya kweli? Na ni bei gani?*

Waalaykumu ssalam, mpishi wangu. Mji wenyewe umepewa jina la zafarani, na vijiji vya kando bado vinailima, ingawa si kwa wingi wa zamani. Bei siwezi kukuandikia, maana lira ya Kituruki inateremka kila msimu na nitakupotosha. Lakini nitakwambia kwa nini haitakuwa rahisi. Ua moja la zambarau lina nyuzi tatu tu nyekundu. Gramu moja hutaka maua kama 150, na ua linachumwa kwa mkono, asubuhi, kabla jua halijalifungua sawasawa. Maua hayo huchanua majuma machache tu, mwezi wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Nenda wakati huo, utayaona yenyewe shambani.

Usinunue ya unga. Kamwe. Unga hauna ushahidi. Na yale marundo ya majani ya rangi ya chungwa yanayouzwa kwa vijiko katika masoko ya Istanbul kama "zafarani ya Kituruki" ni petali kavu za ua jingine, zinatia rangi kidogo na basi. Zafarani ya kweli ni uzi mwekundu uliopanuka upande mmoja kama tarumbeta. Tia nyuzi mbili katika maji ya uvuguvugu kisha uwe na subira. Rangi ya dhahabu hutoka polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ukiona maji yamekuwa mekundu papo hapo na uzi umepauka, umeuziwa rangi. Nilinunua gramu mbili kwa mama mmoja katika duka lake dogo, akanifungia kama dawa. Nilipozitia kwenye wali wa Idi hapa South B, jirani wa ghorofa ya tatu aligonga mlango kuuliza tunapika nini.

Watakuonjesha pia lokum yenye zafarani, vipande laini vilivyonyunyizwa unga mweupe. Ni jamaa wa halua yetu, ila haina mafuta. Nami bado naichagua halua.

*Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nimpeleke?*

Mpeleke, lakini usimdanganye. Vichochoro vyote vimetandazwa mawe ya duara yasiyo sawa, yenye mteremko, na mvua ikinyesha yanateleza kama samaki. Mnunulie raba zenye soli ya kushika. Unapoagiza chumba, taja ngazi. Ngazi za nyumba zile ni za mbao na zimesimama kama za darini, na bafu la kabatini lina kizingiti cha juu. Mimi goti langu la kushoto lilinikumbusha kizingiti hicho kila asubuhi. Omba chumba cha chini chenye bafu la kawaida, wengi wanavyo. Sokoni penyewe ni tambarare kidogo, na chini ya mizabibu ya uchochoro wa zamani wa washona viatu kuna meza za chai. Mama atakaa hapo siku nzima akiwatazama watu. Kilima cha Hıdırlık, panapoonekana mji wote na mapaa yake, mchukulieni teksi mpaka juu wakati wa magharibi. Adhana zinaanza moja, ya pili inadakia, na bonde linazishika zote.

*Miezi gani ya mwaka ni mizuri kwenda, na misikiti gani nisiikose?*

Aprili mpaka Juni, au Septemba na Oktoba. Januari kuna theluji, na mtu wa Nairobi anayelalamikia Julai yetu asijaribu. Misikiti miwili. Ule wa Köprülü Mehmet Paşa wa mwaka 1661 una saa ya jua uani, jiwe tu na kivuli chake. Ule wa İzzet Mehmet Paşa, waziri mkuu aliyezaliwa pale pale, ni wa mwaka 1796 na umejengwa juu ya kijito. Ingia chini yake usikie maji. Huyo huyo ndiye aliyejenga mnara wa saa mwaka uliofuata, juu kilimani, na saa inagonga hata leo.

Ukipita Kıranköy utaona pia msikiti wenye umbo la kanisa. Lilikuwa kanisa la Wagiriki wa mji. Waliondoka katika ule ubadilishanaji wa watu kati ya Ugiriki na Uturuki uliokubaliwa mwaka 1923, wakaacha nyumba zao za mawe na maduka yaliyo chini yake. Nilisimama mbele yake muda mrefu.

*Mwalimu, samahani kwa ukali wangu. Wewe ni mtu wa Lamu. Nyumba za kale, vichochoro, misikiti, punda, yote yako kwenu, na Lamu iliingia orodha hiyo hiyo ya UNESCO mwaka 2001. Kwa nini unatuuzia miji ya watu?*

Hukunikosea. Swali lako ndilo nililojiuliza usiku wa kwanza, nimelala chini ya dari ya mbao iliyochongwa nyota, nikawaza nyumba ya bibi yangu Mkomani.

Waturuki wenyewe walishafika kwetu. Mwishoni mwa karne ya 16 Mir Ali Bey alikuja na merikebu zake, na miji ya pwani ikampokea kwa kuwa Wareno walikuwa wamewachosha, mpaka Wareno walipomkamata Mombasa mwaka 1589. Kwa hiyo mimi sikujiona nimeenda kwa watu baki. Lakini sikuenda kutafuta undugu huo. Nilienda kuona jinsi watu wanavyoishi ndani ya nyumba ya kale bila kuigeuza sanduku la kioo na bila kuiacha ianguke. Asubuhi ya mwisho mwenye nyumba niliyolala aliniletea chai, nikamwonyesha kwenye simu picha ya zidaka za bibi, ule ukuta wa lipu wenye visanduku safu juu ya safu. Akaitazama sana. Kisha akaniinua, akanipeleka chumba cha ndani ambacho hakiwekwi wageni, akafungua pazia. Ukutani kulikuwa na vishubaka vya mbao vilivyochongwa, safu mbili, na ndani yake birika la mama yake na msahafu. Akagonga mbao kwa kidole, akaonyesha mahali alipobandika kipande kipya mwaka jana, na rangi yake bado haijafanana na ya zamani.

Nimerudi nikampigia ndugu yangu Lamu. Zidaka za bibi zimepasuka safu ya chini, na fundi wa lipu anayejua kazi hiyo ni mzee sasa. Tumekubaliana Agosti. Nitapanda basi hapa Nairobi mpaka Mokowe, kisha boti. Wewe mwenye swali, ukipenda kuja kuona kazi hiyo, mwandikie mhariri, nitakutafutia pa kulala.